SOMO: Una lupasi, au unahisi unayo, na daktari hakusikilizi. Fanya hivi

Wakuu habari za muda. Somo hili ni la mwenye lupasi, na pia la yule ambaye mwili unamsumbua muda mrefu, kila akienda hospitali anarudishwa na dawa za maumivu na maneno ya "punguza mawazo". Mwenye ugonjwa mwingine wa kudumu na yeye asome tu, mengi yanaingiliana.

Mi ninayo na naishi nayo, na msimamo wangu ni huu: mbele ya daktari, maneno ya mdomo hayana uzito kama kilichoandikwa. Ukilia chumbani anaandika "ana wasiwasi", ukimpa tarehe, joto la mwili na picha anaandika dalili. Mgonjwa ni yule yule lakini faili linakuwa la mtu mwingine kabisa.

Hatua ya 1: Jua una nini

Lupasi ni kinga ya mwili kumgeukia mwenyewe. Badala ya kupiga vijidudu inapiga ngozi, viungo, figo, damu, hata mapafu na moyo. Haiambukizi. Haina tiba ya kuimaliza ila inatulizwa, na watu wanaishi nayo miaka mingi wakifanya kazi na kulea. Inaamka na kutulia, na hapa ndo kizaazaa chenyewe, maana leo huwezi kushuka kitandani na kesho kutwa unatembea fresh, halafu siku ya kliniki inaangukia kesho kutwa.

Wiki ya kwanza baada ya kuambiwa usijilazimishe uamuzi wowote mkubwa. Omba nakala ya majibu yako yote, weka kwenye bahasha moja, lala. Kusoma mtandaoni usiku wa manane hakusaidii, utakutana na kesi mbaya tupu kwa sababu waliotulia hawaandiki.

Hatua ya 2: Daftari na picha

Hii ndo hatua ninayoipenda kuliko zote. Nunua daftari dogo, kila siku mistari miwili mitatu inatosha. Usiandike "nimeumwa sana", haimsaidii mtu. Andika hivi:

"Jumanne. Vidole vya mikono yote miwili vimevimba, havikunji mpaka saa nne asubuhi, nimeshindwa kufungua chupa ya maji. Joto 37.9 jioni. Jana nilikaa juani. Nywele zinatoka nikichana. Picha ya uso nimepiga."

Ona hapo, kuna muda, kuna pande zote mbili za mwili, kuna kitu ulichoshindwa kufanya na kuna jua. Daktari anayejua kazi yake akisoma mistari hiyo anaanza kuunganisha mwenyewe bila wewe kumwambia ni lupasi. Na picha ni lazima, ule wekundu wa mashavuni unaopita juu ya pua una tabia ya kupotea asubuhi ya appointimenti, sijui unajuaje. Kwa mwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, unakuja kama weusi au zambarau, kwa hiyo piga kwenye mwanga wa dirishani bila flashi, na piga nyingine siku ngozi imetulia ili alinganishe.

Hatua ya 3: Vipimo vya kuulizia

Hauendi kumfundisha kazi, unaenda kuuliza kama vimefanyika. Picha kamili ya damu (lupasi inaweza kushusha damu, chembe nyeupe au chembe sahani zile za kugandisha damu), kriatinini (damu inayoonyesha figo zinavyochuja), mkojo kuangalia protini na damu, na kipimo cha ANA (kinatafuta kingamwili zinazoupiga mwili wenyewe). ANA ikiwa negativu, lupasi inakuwa mbali sana ingawa haijafutwa asilimia mia. Ikiwa pozitivu usianze kulia, kuna wazima kibao wanayo, hapo ndo wanaongeza vipimo vya ndani zaidi kama anti-dsDNA (kingamwili nyingine ya lupasi) na komplimenti C3 na C4 (protini za kinga kwenye damu). Yaani hakuna kipimo kimoja kinachosema ndiyo au hapana, wanaunganisha dalili na damu na mkojo. Ndo maana watu wengine wanazungushwa miaka.

Mkojo usiuruke. Figo inaweza kuharibika bila kuuma hata kidogo, dalili ya mwanzo pengine ni povu tu chooni lisiloisha.

Hatua ya 4: Ndani ya chumba

Muda ni mdogo na foleni unaiona mwenyewe. Anza na jambo moja kubwa, usianze na historia ya tangu utotoni. Karatasi moja mkononi: dalili tatu zinazokusumbua zaidi, zilianza lini, dawa unazotumia, swali lako. Mpe aishike. Nenda na mtu kama unaweza, sio wa kukuongelea, ni wa kusikiliza na kuandika, kwa sababu ukishasikia neno "figo" hausikii tena kinachofuata.

Akikuambia ni stresi usibishane. Muulize kwa upole: "Sawa daktari, mbali na stresi, nini kingine kinaweza kuleta viungo kuvimba na homa pamoja?" Akikataa kipimo: "Naomba uandike kwenye faili kwamba nimekiomba na sababu ya kutokukifanya." Iseme kwa sauti ya kawaida kabisa, bila jicho. Niliwahi kuambiwa na daktari mmoja kwamba wanawake wa umri wangu wanapenda kuumwa, nikamwomba aandike hivyo hivyo, akanyamaza kidogo kisha akavuta fomu ya maabara. Sio wote watafanya hivyo, ila kalamu ina heshima yake.

Kabla hujatoka uliza: nirudi lini, na nikiona nini nisisubiri hiyo tarehe?

Hatua ya 5: Kubadilisha daktari

Ukirudi mara kadhaa, dalili ziko kwenye daftari na bado hata mkojo haujapimwa, omba rufaa kwa bingwa wa rumatolojia (magonjwa ya viungo na ya kinga kama hili), na kama hayupo karibu basi bingwa wa magonjwa ya ndani. Ondoka na nakala zako zote. Daktari mpya usimwanzie na malalamiko juu ya wa zamani, atakuweka kundi la wagonjwa wagomvi kabla hujakaa. Mpe karatasi kwanza.

Ila pia tuwe wakweli, kuna anayetembea kutafuta daktari wa kumwambia anachotaka kusikia. Watatu tofauti wakiangalia vipimo vile vile wakasema si lupasi, wasikilize, pengine ni kitu kingine na muda unapotea.

Hatua ya 6: Dawa

Wengi wanaanzishiwa haidroksiklorokwini, ndugu yake klorokwini ya malaria. Ni ya taratibu, inachukua wiki nyingi hadi miezi ndo uone tofauti, kwa hiyo usiitupe baada ya wiki mbili. Dozi haipaswi kuzidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani mtu wa kilo 60 mwisho 300. Macho yapimwe mwanzoni, na baada ya miaka 5 kila mwaka, au mapema zaidi kama figo zina shida.

Prednisoloni, ambayo ni stiroidi, inatuliza haraka ila ina gharama zake: uso kujaa, sukari, presha, mifupa. Inapunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari.

Na jua jamani. Mikono mirefu, kofia pana, losheni ya kukinga jua SPF 30 kwenda juu, hata siku ya mawingu.

Usisubiri kliniki ukiona: kifua kuuma ukivuta pumzi, miguu au macho kuvimba ghafla, degedege, kuchanganyikiwa, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au homa kali ukiwa kwenye dawa za kushusha kinga. Hapo ni emajensi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Asante kwa somo. Mimi nina miaka 23, viungo vinauma, nachoka mpaka nasinzia kazini, daktari kanambia mdogo sana kuumwa hivyo, ni mawazo. ANA sijawahi pimwa. Nifanyeje?

Jibu: Mdogo wangu, lupasi huwapata zaidi wanawake wa miaka 15 mpaka 45, kwa hiyo umri wako ndo wenyewe, hiyo sababu haina miguu. Lakini uchovu na viungo vinaweza kuwa damu kupungua au tezi ya shingo pia. Anza daftari leo, rudi na karatasi, omba picha ya damu, tezi, mkojo na ANA kwa pamoja.

Swali: Mkuu na sisi wanaume tunapata? Nimeuliza hospitali wakacheka.

Jibu: Mnapata kaka. Katika wagonjwa kumi karibu tisa ni wanawake, huyo wa kumi ndo wewe. Waliocheka wape karatasi.

Swali: Nimeacha prednisoloni wiki hii yote, uso umekuwa mkubwa watu wananishangaa. Sasa nasikia kizunguzungu na kutapika.

Jibu: Dada funga simu nenda hospitali sasa hivi, usisubiri asubuhi. Ukiitumia muda mrefu mwili unaacha kutengeneza stiroidi yake wenyewe, ukiikata ghafla presha inaweza kushuka vibaya. Mapokezi usianze na kizunguzungu, sema "nilikuwa kwenye stiroidi nimeacha ghafla", watakuelewa haraka. Habari ya uso tutaongea ukipona, unarudi wenyewe dozi ikishuka.

Swali: Mimi ni nesi. Samahani ila unawafundisha watu kuja kutugombeza. Tunaona wagonjwa wengi kwa siku na mtu anakuja na daftari kurasa arobaini.

Jibu: Sista umesema kweli kuhusu kurasa arobaini, hizo zibaki nyumbani. Ndo maana nimesema karatasi moja, nayo inawapunguzia kazi nyie. Kugombeza sijaandika popote. Kuomba kitu kiandikwe kwenye faili ni haki ya mgonjwa na inamlinda hata daktari.

Swali: Nataka kubeba mimba, daktari wa kwanza alinikatalia moja kwa moja hata hakuangalia faili.

Jibu: Kukataliwa bila faili kuangaliwa hapana. Wengi wanazaa salama. Kinachotakiwa ni ugonjwa uwe umetulia miezi 6 hivi kabla, figo na presha ziwe sawa, na dawa zipitiwe mapema: mikofenoleti na methotreksati (dawa za kushusha kinga) hazitakiwi kabisa kwenye mimba, haidroksiklorokwini kwa kawaida inaendelea. Usiache chochote mwenyewe. Ulizia pia kingamwili za Ro na zile za kugandisha damu, ya kwanza inaweza kugusa moyo wa mtoto, za pili zinaweza kuharibu mimba, zote mbili zikijulikana mapema zina utaratibu wake. Tafuta bingwa wa lupasi na wa uzazi wawasiliane wao kwa wao, usiwe wewe tarishi.

Swali: Ndugu zangu wanasema mbona unaonekana mzima, mvivu tu. Hii inaniuma kuliko ugonjwa.

Jibu: Pole sana. Wote hautawaweza. Chagua mmoja anayekupenda, uende naye kliniki siku moja akae pale asikie daktari akiongea, halafu huyo ndo awajibu wengine. Na ukichoka sema "leo siwezi", usiongeze maelezo.

Swali: Daftari la kwenye simu linafaa?

Jibu: Linafaa, ila kabla ya kliniki hamishia kwenye karatasi, daktari hatakaa kuskroli simu yako. Picha ziweke albamu moja, hakikisha tarehe zinaonekana.