Moyo Ukianza Kupapatika Usiku wa Manane: Hatua Ninazowafundisha Wagonjwa Wangu Dodoma

Mchana mgonjwa anapalilia zabibu Hombolo bila shida yoyote. Saa nane usiku anashtuka usingizini, moyo unapapatika kifuani kama kuku aliyefungwa miguu, jasho linamtoka, mkewe anauliza kama ni jinamizi. Hadithi hii naisikia karibu kila siku ya kliniki. Mimi ni muuguzi, wagonjwa wa moyo nimekaa nao miaka, na mama yangu mzazi ana tatizo hilohilo, kwa hiyo sehemu ya haya nimejifunza chumbani kwake nikiwa na tochi ya simu.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha kupimwa na kuambiwa ana mpapatiko wa vyumba vya juu vya moyo. Kwenye kadi yako daktari ameandika AF. Kama hujawahi kupimwa na hali hii imekuanza usiku huu kwa mara ya kwanza, acha kusoma, nenda hospitali. Mwongozo utausoma kesho.

Kinachotokea ni hiki. Moyo wenye afya hupokea amri ya umeme kutoka sehemu moja, mara 60 hadi 100 kwa dakika ukiwa umetulia. Kwenye mpapatiko, amri zinatoka kila kona ya vyumba vya juu, 350 hadi 600 kwa dakika, na vyumba hivyo vinatetemeka badala ya kusukuma. Kuna kizuizi kati ya vyumba vya juu na vya chini kinachochuja amri hizo, ndiyo maana kwenye mkono utahesabu labda 120 au 140, si 500. Usiku una sababu zake: mshipa wa fahamu unaopunguza kasi ya moyo wakati wa usingizi na baada ya mlo mzito unaweza kuwaamsha baadhi ya watu na mpapatiko, na wanaokoroma hadi pumzi inakatika wako hatarini zaidi. Kama mwenzako anasema huwa unakata pumzi usingizini, mwambie daktari. Watu huona aibu kulisema hili, sijui kwa nini.

Kabla ya usiku: andaa vitu

Daftari la shule la kurasa 40, kalamu iliyofungwa kwa uzi, saa yenye mshale wa sekunde (au simu), maji ya kunywa, na mfuko wenye kadi ya kliniki, kadi ya bima na dawa zako zote. Andika pia namba ya dereva wa bajaji au teksi mliyekubaliana naye mapema kwamba hata saa tisa usiku atapokea. Nasema bajaji au teksi. Bodaboda hapana. Moyo ukienda mbio mtu anaweza kuzimia, na abiria anayezimia nyuma ya pikipiki anaanguka barabarani.

Hatua ya 1: Kaa, usisimame

Keti kitandani, miguu ishushe chini, mgongo uegemeze kwenye mto. Wengi wakishtuka hukimbilia chooni, na kama choo kiko nje ndiyo hatari yenyewe, maana presha inaweza kuwa imeshuka na giza likakujia machoni ukiwa katikati ya uwanja. Mkojo ukikubana, tumia ndoo. Mama alikataa ndoo miezi miwili kwa sababu ya heshima yake, mpaka usiku mmoja tulipomwokota mlangoni na goti limechubuka.

Hatua ya 2: Jiulize maswali ya kuondoka

Haya yajibiwe kabla hata ya kuhesabu mapigo. Kifua kinauma au kinabana? Unakosa pumzi hata ukiwa umekaa? Umezimia, au unahisi unazimia? Mdomo umepinda, mkono au mguu umelegea upande mmoja, maneno hayatoki sawasawa? Jibu likiwa ndiyo hata kwa moja, piga simu kwa dereva sasa hivi. Kwa dalili hizo za mwisho, za kiharusi, usimpe mgonjwa chakula, maji wala kidonge, maana anaweza kupaliwa. Angalia saa na uikumbuke: hospitali watauliza dalili zilianza saa ngapi.

Hatua ya 3: Hesabu mapigo dakika nzima

Hapa ndipo watu wanapokosea, kwa hiyo nakaa kidogo.

Kuna mzee mmoja wa Kongwa alikuja akaniambia, "Nesi, moyo wangu usiku unafika mia mbili na hamsini." Nikamwambia, "Hebu tuhesabu wote, babu. Nionyeshe unavyofanya." Akaweka kidole gumba kwenye kifundo, akahesabu sekunde kumi kwa haraka, akazidisha kichwani. Kidole gumba kina mapigo yake chenyewe, alikuwa anachanganya ya kwake na ya mkono. Na sekunde kumi hazitoshi kwa moyo huu, kwa sababu hauna mpangilio: kumi za kwanza unapata 14, kumi zinazofuata unapata 24.

Fanya hivi. Mkono wa kushoto, kiganja kiangalie juu. Vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati, viweke kwenye kifundo upande wa kidole gumba, kwenye kale kabonde kati ya mfupa na mshipa mgumu. Bonyeza taratibu, ukikandamiza sana utayapoteza. Mwenzako ashike saa. Hesabu sekunde 60 kamili.

Sikiliza pia mwendo wake. Mapigo ya kawaida yanatembea kama mtu anayetwanga: tu, tu, tu. Ya mpapatiko ni kama matone ya mvua ya kwanza ya Desemba kwenye bati: ti-ti, kimya, ti, ti-ti-ti, kimya. Hayana zamu. Ukisikia hivyo, ndiyo yenyewe. Mashine ya presha ya kidijitali nayo huyumba hapa, kipimo kimoja hakiaminiki. Pima mara tatu, pumzika dakika moja katikati, andika zote.

Hatua ya 4: Andika mstari mmoja

Saa, mapigo, unavyojisikia, ulichokula na kunywa jioni. Basi. Huu hapa mstari wa yule mzee wa Kongwa baada ya kufundishwa: "Saa 8:20 usiku. 128. Sina maumivu. Ugali wa uwele saa 4, mvinyo glasi tatu." Mistari minne ya namna hiyo ilitosha kuonyesha kwamba kila alipopapatika, mvinyo ulikuwepo. Hakuna aliyemkaripia. Alijisomea mwenyewe.

Hatua ya 5: Tuliza mwili

Vuta pumzi kwa puani ukihesabu hadi nne, itoe taratibu ukihesabu hadi sita. Dakika tano hadi kumi. Haitamaliza mpapatiko kwa lazima, ila hofu inapungua, na hofu nayo huongeza mbio. Kunywa maji kidogo kidogo, isipokuwa kama daktari amekupimia maji kwa sababu moyo wako umechoka. Ukirudi kulala, lala kwa ubavu wa kulia au juu ya mito, kwani kwa ubavu wa kushoto watu wengi huusikia moyo ukigonga zaidi.

Kujimwagia maji baridi usoni au kujikamua kama uko chooni husaidia aina nyingine ya moyo kwenda mbio, siyo hii. Na usiruhusu mtu akubonyeze shingoni.

Hatua ya 6: Dawa ni ile tu uliyoandikiwa

Daktari akikupa kidonge cha kumeza mpapatiko unapoanza, meza kama alivyoandika. Kama hakukupa, usiongeze dozi, usiazime kidonge cha presha cha jirani. Ukisahau dozi ya jioni utafanyaje? Uliza swali hilo kliniki mchana, jibu liandike jalada la nyuma la daftari.

Hatua ya 7: Subiri au nenda

Kama daktari wako amekupa kiwango chake, fuata hicho. Kama hakukupa, mimi nawaambia hivi: hesabu tena baada ya nusu saa. Mapigo yakiwa chini ya 110 na huna dalili za hatua ya pili, pumzika, uende kliniki asubuhi. Yakibaki juu ya 120 baada ya saa nzima umetulia, au yakiwa chini ya 40, ondoka usiku huohuo.

Asubuhi ikifika na moyo bado unapapatika, usingoje upoe ndipo uende. Nenda nao hivyohivyo, uombe kipimo cha umeme wa moyo papo hapo, kwa sababu ukitulia karatasi itaonyesha moyo usio na shida na utarudishwa na panado. Tena ndani ya saa 48 daktari ana njia nyingi zaidi za kuurudisha kwenye mwendo wake. Zikipita, kwa kawaida atalazimika kwanza kukupa dawa ya kuzuia damu kuganda kwa wiki tatu, au kuchunguza kama kuna donge moyoni.

Kazi ya mchana, ambayo ndiyo kubwa

Mpapatiko wenyewe mara nyingi hauui. Hatari kubwa ni donge la damu: damu inatuama kwenye vyumba vinavyotetemeka, inaganda, donge linapanda kichwani. Mtu mwenye AF ana hatari ya kiharusi karibu mara tano ya asiyekuwa nayo, awe anausikia moyo wake au hausikii. Ndiyo maana dawa ya kuzuia damu kuganda haiachwi kwa sababu usiku wa wiki hii ulikuwa shwari. Aspirini si mbadala wake. Na kama valvu yako, yaani mlango wa ndani ya moyo, imebanwa kwa homa ya baridi yabisi ya utotoni, jambo tunaloliona sana kwa vijana wetu, dawa yako huwa ni wafarini, usibadilishiwe na mtu wa dukani.

Wafarini ina wivu. Mama yangu aliumwa tumbo, duka moja la dawa likamuuzia metronidazoli bila kumuuliza anatumia nini. Siku ya tano alitoka damu puani, ikakataa kukata. INR yake, yaani kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, ambayo inatakiwa kuwa kati ya 2 na 3, ilikuwa imepita 6. Septrini nayo hufanya hivyo. Diklofenaki na ibuprofeni ni hatari kwa njia nyingine, zinachubua tumbo na kufanya damu ishindwe kuganda. Sema "natumia wafarini" kabla hujataja unachoumwa.

Halafu mlenda. Wagonjwa wanaambiwa waache mboga za majani, Mgogo anakuangalia kama umemtukana. Si lazima kuacha. Mboga za majani ya kijani zina vitamini K, inayopunguza nguvu ya wafarini, na shida ni kupanda na kushuka: masika mtu anakula mlenda mara mbili kwa siku, INR inashuka, kiangazi mboga zinaadimika, INR inapanda, na dozi ni ileile. Kula kiasi kinacholingana mwaka mzima, na mabadiliko makubwa yakija, kapime. Mama anapima kwa bakuli dogo la bluu la plastiki, iwe mboga mbichi au ya kukaushwa, na mjukuu akimjazia kupita mstari anamrudishia.