Kuandaa punje ya mrututu kwa kipimo cha spini za elektroni

Mrututu (salfeti ya shaba) ninaoutumia ni uleule ambao wakulima wa zabibu wa hapa Dodoma huuchanganya na chokaa kuzuia ukungu. Kila atomu ya shaba ndani yake ina elektroni moja isiyo na mwenzake, na spini yake, yaani usumaku wake mdogo, ndiyo tunayoitafuta. Punje naziandaa hapa. Mashine ya kupimia, yenye sumaku yake, iko Japani. Nimewahi kupoteza safari nzima kwa grisi iliyozidi, kwa hiyo nitakaa zaidi mezani kuliko kwenye mashine.

Yeyusha mrututu katika maji ya moto yaliyokenekwa, chuja, funika kwa karatasi yenye matundu, acha siku tatu nne. Fuwele kubwa za kupendeza ziache. Tafuta pembeni mwa bakuli zile ndogo zenye kingo kali, upande wake kama milimita 0.1. Punje hiyo ina mikrogramu 2.3 hivi. Katika mashine ya kawaida ya mawimbi ya gigahezi 9.5, kwenye joto la chumba, spini zinazoelekea upande huu na zinazoelekea upande ule hukaribia kulingana idadi, na ishara hutoka kwenye ziada tu: ziada haifiki 1 katika 1,000. Panda hadi gigahezi 94, shuka hadi kelvini 4 (karibu nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sifuri), ziada inafika karibu nusu. Hapo ndipo punje ndogo inapoanza kusikika.

Punje inabandikwa kwenye ncha ya kibanzi cha silikoni kisichofika hata milimita moja. Spini zikipata resonansi, yaani zikinyonya mawimbi na kugeuka, usumaku wa punje hubadilika, kibanzi hupinda kidogo, na ukinzani wake wa umeme hubadilika. Hicho ndicho tunachosoma.

Zima pangaboi, funga madirisha. Upepo wa Julai na vumbi letu jekundu havina huruma. Weka kitambaa kibichi karibu na hadubini, maana hewa kavu huzalisha umeme tuli na punje huruka ukiisogelea tu. Koleo usiliguse. Bandika unywele mmoja wa kope kwenye kijiti cha meno, uguse punje kwa ubavu wake, itakuja yenyewe. Grisi ya Apiezon N weka tone dogo kuliko punje, kwenye ncha tu. Ikitambaa kuelekea shinani, kibanzi kinakuwa kigumu, umekipoteza.

Iinamishe punje kidogo. Uga wa sumaku ukilala sawasawa na mhimili mkuu wa fuwele, hakuna msokoto wa kukipinda kibanzi, na resonansi itapita bila kuonekana.

Usiondoe hewa kwenye mashine kwa pampu punje ikiwa bado kwenye joto la chumba. Mrututu hutoa maji yake, hupauka, na unachopima si kile ulichokiandaa. Poza kwanza, ukiacha gesi kidogo ya heliamu ya kuondoa joto.

Kwenye mashine, washa na kuzima mawimbi kwa mapigo yasiyobadilika, usikilize ishara ya mapigo hayo tu, na pandisha uga polepole. Ukiona mstari, yaani alama ya resonansi kwenye grafu, usishangilie. Rudia kwa masafa yaliyozidishwa mara mbili. Kwa g (namba inayounganisha masafa na uga) ya 2.2, mstari wa gigahezi 94 uko kwenye uga wa tesla 3.05, kwa gigahezi 188 lazima uhamie 6.1. Ukibaki palepale, ni kibanzi kinachopata joto: punguza nguvu ya mawimbi, uanze upya.