Kutazama palahala Shimba Hills, kwa anayetoka Mombasa

Jumamosi iliyopita nilimpeleka mpwa wangu, anayejifunza kuongoza watalii, hifadhi ya Shimba Hills kumtazama palahala, yule swala mkubwa. Njia nzima aliniuliza maswali yale yale niliyowasumbua nayo wakubwa zangu zamani, basi nimeamua kuyaandika.

Hatua ya 1. Vuka feri Likoni kungali giza, kata kulia Kombani, panda hadi Kwale. Lango linafunguliwa saa 12 asubuhi. Lipa kwa simu. Pesa taslimu hazipokelewi.

Hatua ya 2. Beba darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara 8, yenye lenzi ya milimita 42. Zile za 12 na 15 wanazoringia vijana hutetemeka mkononi, na ukungu wa Shimba ukishuka hazikufai kitu.

Hatua ya 3. Tafuta nyasi changa. Palahala ni mla nyasi, na penye uwanda uliochomwa ukaanza kuchipua humkosi kwa urahisi. Mimi huanzia upande wa Giriama Point, mahali pa kutazamia mandhari humo hifadhini.

Hatua ya 4. Jua dume ni yupi. Hapa usiwe na haraka.

Utaambiwa dume ni mweusi na jike ni wa kahawia. Ni kweli, ila dume huzaliwa kahawia vilevile, na weusi humwingia kuanzia umri wa miaka 3 hivi. Mwaka wangu wa kwanza nilimfuata "jike" aliyejitenga asubuhi nzima, huku nikiwaambia wageni kwamba anatafuta pa kuzalia. Alipogeuka ubavu, mama mmoja aliyekuwa na darubini akacheka. Nami nikaangalia chini ya tumbo. Dume kijana, wallahi, wa wale wanaofukuzwa kundini wakikua.

Kwa hiyo rangi iache mwisho. Anza na pembe. Wote wawili wanazo, lakini za dume ni nene tangu shinani, zimepinda nyuma kama jambia, na zaweza kupita mita 1. Za jike ni nyembamba na fupi zaidi. Kisha shingo: ya dume ni pana, na manyoya yake husimama. Tena, usimhukumu mnyama aliye kati yako na jua. Hapo hata kuro ni mweusi. Zunguka, au ngoja. Na ukiwa umesoma vitabu vya kusini mwa Afrika, jihadhari: huko majike nao huwa weusi. Wa kwetu hubaki wekundu-wekundu.

Hatua ya 5. Zima injini, kaa ndani ya gari. Majike hutembea pamoja na ndama, na wakubwa ndio wenye kauli. Dume halifuati kundi kila liendako. Lina eneo lake, na hujitahidi kuwazuia majike wasitoke humo. Madume wakipigana hupiga magoti na kugonganisha pembe. Mimi nimeona mara mbili tu.

Ukiona jike peke yake akitazama kichaka kimoja tu, usitoke njiani kwenda kuchungulia. Ndama hufichwa nyasini siku zake za kwanza, na gurudumu halimwoni.

Hatua ya 6. Andika kwa kalamu, hapo hapo. Daftari la mpwa wangu: majike 9, ndama 2, dume 1 mweusi, "na 1 sina hakika." Hilo la mwisho ndilo lililonifurahisha. Nikampa mahamri yangu.