Kutembea kwa Ajili ya Moyo: Njia ya Lamu na Shela

Mkazi wa Lamu huweza kudai kwamba mazoezi anayo tayari, kwa kuwa vichochoro vya mji havipitishi gari na shughuli nyingi humlazimu kwenda kwa miguu. Dai hilo ni kweli nusu. Mtu atokaye Langoni kwenda Mkomani, akisimama katika kila baraza kuulizana hali na jamaa, huweza kutumia saa nzima njiani na moyo wake usihisi lolote. Na tangu bodaboda zilipoingia, hata mwendo huo umepungua. Moyo ni msuli, nao hupata nguvu unapotwikwa kazi iliyozidi ile uliyoizoea, kwa muda wa kutosha, tena mara kwa mara.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2. Dakika 30 kwa siku 5 hutimiza kiwango cha chini. Kijiji cha Shela kiko takriban kilomita 3 kutoka mjini, kwa hiyo anayetoka baada ya swala ya Alfajiri, akaifuata njia ya ufuoni kwa dakika 15 kisha akageuza, huwa amemaliza fungu lake la siku jua halijawa kali. Asiyezoea na aanze kwa dakika 10, akiongeza kidogo kidogo kila wiki.

Mwendo ndio wenye siri. Dakika 5 za mwanzo nenda taratibu ili mwili upate moto, kisha kaza hatua hadi pumzi ianze kwenda mbio: uweze kuzungumza lakini usiweze kuimba. Ukikutana na mtu, itikia salamu huku unakwenda. Hatakasirika akishajua kwamba ndiyo ada yako. Anayependa hesabu aweke vidole viwili, si kidole gumba, kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, ahesabu mapigo kwa sekunde 30 na kuzidisha mara mbili. Toa umri wako katika 220: nusu ya jibu hadi asilimia 70 yake ndiyo mapigo ya zoezi la wastani, yaani 85 hadi 119 kwa mwenye miaka 50. Hesabu hii ni ya makadirio, tena haimfai anayetumia dawa za presha zinazopunguza mapigo, kama vile atenololi. Huyo ategemee pumzi.

Kabla ya kutoka, jua hali ya maji. Yakipwa, mchanga mbichi huwa mgumu na mguu hauzami. Yakijaa, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, hufunika sehemu za njia na kukusukumia kwenye mchanga mlaini, ambako moyo hufanya kazi kubwa zaidi kuliko unavyodhani. Kwa kuwa maji huchelewa takriban dakika 50 kila siku, saa iliyokufaa Jumatatu huenda isikufae Ijumaa. Siku hiyo panda na kushuka ngazi za nyumba yako hadi darini. Ngazi za Lamu zilivyo ndefu na zilivyosimama, mara chache tu zatosha kukutoa jasho.

Mwenye maradhi ya moyo, kisukari au presha iliyopanda amwone daktari kwanza. Kifua kikibana, maumivu yakipanda taya au kushuka mkono, au kizunguzungu kikikushika, simama papo hapo; na hali hiyo isipoondoka kwa kupumzika dakika chache, upelekwe hospitali bila kungoja kesho.

Mwezi wa Ramadhani usiache kabisa. Tembea polepole nusu saa kabla ya Magharibi, ili ufikapo nyumbani maji na tende viwe tayari, au ungoje hadi baada ya tarawehe, upepo ukiwa umepoa na futari imekwisha kushuka.