Jinsi ya kuongoza baibo stadi ya Ufunuo 2 na 3 bila watu kusinzia

Kama zamu yako ya kuongoza imefika na mnakutana kwa nyumba ya mtu huko Kisumu, Manyatta ama Nyalenda, ama jumuiya yenu iko Nakuru pande za Section 58, na watu wamesema wanataka Ufunuo, tafadhali usianze na mnyama na 666. Ukianza hapo jioni yote itaisha kwa Huduma Namba, ile ya utambulisho wa serikali, na chipu za mkononi na hakuna mtu atafungua Biblia tena. Anza na zile barua saba kwa makanisa saba, sura ya 2 na 3, na hata hizo usifuate mstari, juu Efeso kila mtu ashasikia mahubiri yake ya upendo wa kwanza. Anza na Thiatira, 2:18 hadi 29. Ndio barua ndefu kuliko zote saba na mji wenyewe haukuwa hata wa maana sana.

Ulikuwa mji wa mafundi. Maandishi ya mawe yaliyopatikana hapo yanataja watu wa sufi, wa kitani, wa ngozi, wafinyanzi, waokaji, wafua shaba, na wapaka rangi, kila kazi na chama chake. Yule Lidia wa Matendo 16:14, muuza rangi ya zambarau, alitoka hapo hapo. Sasa waambie wafikirie chama chao cha mafundi wa jua kali, ile unapata oda kupitia kwake, ukifiwa wanakuchangia, na kila mkutano kuna chakula. Tofauti ni kwamba huko Thiatira ile nyama imetolewa kwanza kwa mungu wa chama, na pengine mnakula hekaluni kabisa. Ukikosa kwenda wanaona. Ukikosa mara nyingi oda zinaenda kwa mwingine. Uliza, wewe ungefanya nini? alafu nyamaza, usiwasaidie. Kuna mtu atajibu haraka sana kwamba angekataa, na mara nyingi ni yule hana biashara, muulize kodi ya nyumba angelipa na nini.

Alafu kuna huyu mama anaitwa Yezebeli kwa hiyo barua, jina lake la kweli hatupewi. Alikuwa ndani ya kanisa, anafundisha kwamba hizo karamu si kitu. Kuna mwanaume atataka kugeuza hii iwe mjadala wa wanawake wahubiri, mkate mapema kwa upole, juu kosa la kula vitu vya sanamu liko pia kwa barua ya Pergamo na huko wanaolaumiwa ni Balaamu, yule nabii wa Agano la Kale, na kikundi cha Wanikolai.

Sehemu tamu ni hii, ipe muda mwingi. Mtu asome 1 Wakorintho 8 kisha 10:14 hadi 33, na ubandike manila pepa kwa ukuta uchore safu tatu: soko, nyumba ya mtu, hekalu. Paulo anasema nyama ya sokoni nunua ule bila kuulizauliza. Ukialikwa kwa mtu, kula unachopewa, lakini mtu akikwambia hii imetolewa sadaka, iache, kwa ajili ya huyo aliyekwambia. Meza ya hekalu, hapana. Wapendwa wengi hawajawahi kuona venye Paulo ametofautisha, wamezoea tu jibu la ndio ama la, na wakirudi Ufunuo 2 wanaona huko hakuna safu tatu, Yohana anakataa tu. Usiharakishe kupatanisha hao wawili. Mimi naona wanaongea na shida tofauti, lakini waache wabishane.

Hapo ndipo vitu vya kwetu vitaingia vyenyewe. Kisumu watauliza tero buru, ile desturi ya Wajaluo ya kufukuza kifo wakati wa matanga, Bungoma watauliza kijana wa kanisa acheze ngoma za tohara Agosti ya mwaka shufwa ama asicheze, mwenye biashara atauliza kama atoe kitu kidogo ndio apate tenda. Kila swali liwekwe kwa safu moja na mtu aeleze kwa nini. Sheria yangu ni moja, hakuna kutaja fulani alionekana wapi.

Kama kuna muda ongeza historia kidogo, hii huwa inaamsha hata waliosinzia. Kama mwaka 112 gavana Mrumi Pliny alikuwa Bithinia na Ponto, Uturuki ya leo, kule kule 1 Petro iliandikiwa watu, na alimwandikia Kaisari Trajan akisema anawauliza washtakiwa mara tatu kama ni Wakristo, na wanaokana anawafanya watoe uvumba na divai mbele ya sanamu ya Kaisari na wamlaani Kristo. Wengine walimwambia waliacha zamani, hata miaka 20 iliyopita. Na anafurahi kwamba nyama ya sadaka imeanza kupata wanunuzi tena! Soko lilikuwa limeguswa kweli.

Alafu mwaka 250, Kaisari Decius akaamuru watu watoe sadaka mbele ya kamati wapewe cheti. Vyeti zaidi ya 40 vimepatikana Misri. Kuna Wakristo walitoa sadaka, na kuna wengine walinunua cheti tu bila kuguza hiyo sadaka, na wakenya hapa watacheka kwa kuelewa. Mateso yalipopoa wote wakataka kurudi kanisani, na mwaka 251 askofu Cyprian na maaskofu wenzake huko Carthage, Afrika Kaskazini, wakakaa kuamua, walionunua cheti wakahurumiwa mapema kuliko waliotoa sadaka. Uliza kikundi chenu wangeamua aje. Chai iletwe kabla ya hilo swali, juu likishaulizwa hakuna mtu atakubali kunyamaza ili kikombe kipite, na Smirna na Laodikia zitangoja wiki ijayo.