Kufuatilia kazi za mtafiti wa ubongo wa watoto: anza na jina

Mpwa wangu anasomea makuzi ya watoto. Juzi alinijia barazani hapa Langoni, laptopu kwapani, uso umemnywea. Ametakiwa aeleze safari ya kitaaluma ya Charles A. Nelson, Mmarekani anayechunguza jinsi ubongo wa mtoto unavyokua, na uzito wa kazi zake. "Mjomba, makala nimepata tele, lakini nyingine zinazungumzia protini!" Nikacheka, maana yaliwahi kunikuta.

Hatua ya 1: Fungua PubMed, hifadhi ya mtandaoni ya makala za tiba na sayansi ya viumbe. Ni bure, haikudai usajili. Google Scholar, ile ya Google ya kutafutia makala za kitaaluma, iache kwanza. Inafaa kuhesabia makala imenukuliwa mara ngapi, haifai kuanzia.

Hatua ya 2: Safisha jina. Hapa ndipo jioni nzima ilipotuishia.

PubMed huandika jina la mwisho, kisha herufi za mwanzo: Nelson CA. Na akina Nelson CA wako wengi, wakiwamo wa kinga ya mwili na hizo protini. Sisi wa pwani tusishangae. Mohamed Omar Ali akichapisha makala anageuzwa Ali MO, ilhali Ali ni babu yake, na wajukuu wa Ali ni kaumu.

Mpwa wangu alidhani amepata dawa: akachuja kwa Harvard. Orodha ikatoka safi, hakuna protini hata moja. Nikaitazama, nikaona inaanza mtu akiwa tayari profesa mkubwa. Huyo ni samaki aliyekatwa kichwa. Nelson alifanya kazi Minnesota miaka mingi kabla ya kuhamia Harvard huko Boston, kwa hiyo kichujio kilifuta miaka yote ile, pamoja na makala moja ya mwaka 2002 nitakayoitaja hapo chini.

Kwa hiyo usichuje kwa chuo. Tafuta jina pamoja na mada, kwa maneno ya Kiingereza: watoto wachanga, nyuso, Bucharest (mji mkuu wa Romania, walikofanyia utafiti wa watoto wa vituoni). Kisha tafuta jina pamoja na wenzake, Nathan Fox na Charles Zeanah. Mtu huhama chuo, lakini wenzake wa kazi huandamana naye. Nambari ya ORCID, ile ya tarakimu 16 ya kumtambulisha mtafiti mmoja mmoja, inasaidia mwenyewe akiijaza. Ila ilianza mwaka 2012, na makala za zamani huenda hazikuunganishwa nayo. Usiitegemee peke yake. Inayotiliwa shaka ifungue usome muhtasari wake. Ndiyo, moja moja. Mimi huandika kwenye daftari la karatasi: mwaka, jarida, jina lake ni la ngapi. Mpwa anapenda Excel, na tumekubaliana kutokubaliana.

Hatua ya 3: Tazama nafasi ya jina. Katika fani hii wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyebeba kazi, na wa mwisho ndiye mkuu wa maabara. Ile makala ya 2002 katika jarida la Science ilionyesha kwamba watoto wa miezi 6 wanatofautisha sura za kima mmoja na mwingine, na wa miezi 9 hawawezi tena. Humo Nelson ni wa mwisho. Katika ile ya Bucharest ya 2007, jarida lilelile, ni wa kwanza.

Hatua ya 4: Hesabu. Sasa nenda Google Scholar. Kipimo cha h alikibuni Jorge Hirsch mwaka 2005: h ni idadi kubwa kabisa ya makala ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara hiyo hiyo. Tuseme makala tano zimenukuliwa mara 40, 12, 5, 3 na 1. Ziko angalau tatu zilizofikia 3, lakini hakuna nne zilizofikia 4, basi h ni 3. Usimlinganishe mzee na kijana, wala mtu wa ubongo na mtu wa hisabati.

Hatua ya 5: Toka nje ya hesabu. Katika utafiti wa Bucharest walichukua watoto 136 waliokuwa wakilelewa vituoni, nusu wakapelekwa kwa kura kwenye familia za malezi. Waliopata familia waliendelea vizuri zaidi kiakili, hasa waliotolewa kituoni kabla ya miaka miwili. Lakini si kila anayeinukuu makala hiyo ya 2007 anaisifu. Wako waliojadili uadilifu wa kuwatafiti watoto waliotelekezwa, na mjadala huo ulitoka katika toleo lilelile la Science.

Mpwa wangu alikuwa ameandika kwamba makala ya 2007 ndiyo iliyoifanya Romania ipige marufuku kuwaweka vituoni watoto wa chini ya miaka miwili, isipokuwa wenye ulemavu mkubwa. Nikamwuliza sheria ni ya mwaka gani. Akatafuta: 2004. Akanyamaza, akafuta sentensi, akapanga upya: utafiti 2000, sheria 2004, makala 2007.