Ukirudi Nyumbani na GPS ya Gari, Angalia Maili Kwanza

Ndugu zangu mlioko Uingereza na Marekani, kabla hamjaendelea kusoma, kichukueni hicho kidude mnachotaka kumpelekea mzee nyumbani, kiwasheni, mtazame tarakimu ya spidi. Chini yake kuna herufi tatu ndogo kama chawa. Zikiwa mph, hizo ni maili. Badilisheni sasa hivi. Mimi sikubadilisha, nikalipa faini 2 asubuhi moja kwenye barabara ya Kigoma kwenda Tabora, na ya kwanza niliilipa huku nabishana.

Baba mdogo anakaa Mwanga, Kigoma mjini. Ana pikapu ya kupelekea mawese na dagaa Tabora, na mshale wa spidi wa pikapu hiyo ulishakufa siku nyingi. Umelala kwenye sifuri hata gari likiteremka mlima. Alinipigia nikiwa Leeds: "Mwanangu, ukija niletee GPS." Nikanunua iliyotumika kwa pauni 30, nikajipongeza kwamba zawadi ya mzee nimeimaliza mapema.

Kumbe mwenzangu alitaka ile ya kufuatilia gari. Nilipoifungua sebuleni aliigeuza mara mbili, akauliza, "Sasa nikikaa hapa barazani nitamwona dereva alipo?" Hapana, baba. Kwetu neno GPS limebeba vitu viwili, na watu wa nyumbani mnatutia hasara kwa kutotueleza. Mtu akikuagiza GPS, muulize kwanza: unataka kujua njia, au unataka kumjua mwizi? Hii ya kuonyesha njia inasikiliza tu. Setilaiti ziko juu kiasi cha kilomita 20,200, zinatangaza saa na mahali zilipo, kidude kinazisikia angalau 4 na kupiga hesabu ya kilipo chenyewe. Hakimwambii mtu mwingine chochote. Hakina laini, hakili bando. Hili la bando niliulizwa na watu watano siku moja, na sidhani kama kuna aliyeniamini. "Kisichokula bando kinakula nini?" mama mdogo akauliza. Betri, mama.

Mambo madogo niyapitie haraka. Vingi vinavyouzwa Ulaya vina ramani ya Ulaya peke yake, kwa hiyo ukishuka Kigoma utaona kimshale kinaelea kwenye kijivu kitupu. Vya kampuni ya Garmin vinakubali ramani za bure za OpenStreetMap. Ipakue na kuiweka kwenye kadi kabla hujapanda ndege. Yale maneno ya kwenye boksi kwamba ramani ni za maisha, maisha yenyewe ni ya kidude, si yako. Baadhi ya chaja ni za volti 12 tu, za gari dogo, usiichomeke kwenye lori bila kusoma maandishi yake. Mlioko Ujerumani na Uswisi, ondoeni ile huduma ya kuonya kamera za barabarani. Kwa Mjerumani dereva haruhusiwi kuitumia, na Mswisi anaweza kukunyang'anya kidude chenyewe. Ukiandika mahali kwa digrii, kumbuka Kigoma iko kusini ya ikweta: ukiacha N badala ya S, tarakimu zilezile zinakupeleka karibu na Maridi, Sudan Kusini. Na leseni yako ya nyumbani hakikisha haijaisha muda.

Jingine dogo, ila linavunja watu moyo. Kidude kilichozimwa Leeds kikiwashwa Kigoma kinaamka kikidhani bado kiko Leeds, kinatafuta setilaiti za kule. Kipe nafasi. Ratiba nzima ya setilaiti inachukua dakika 12 na nusu kutangazwa, basi kiweke nje, mbali na mwembe na bati, gari likiwa limesimama, ukanywe chai. Binamu yangu alivumilia dakika 4 akatangaza kwamba nimeuziwa mzoga, akaanza kukipigapiga gotini.

Tuliondoka alfajiri na madumu 12 ya mawese. Sauti ya kidude ni ya mama wa Kiingereza. Alipotamka Nguruka ungedhani ana kiazi cha moto mdomoni, na baba mdogo alimwigiza mpaka akachoka. Njia alituonyesha vizuri, sina ubishi naye. Barabara yenyewe ni moja, ukikosea ni kwa kupenda.

Sasa sikilizeni hapa. Nimeendesha Uingereza miaka 11. Macho yamezoea: kibao kinasema 50, kidude kinasema 50, moyo unatulia. Na mshale wa pikapu ulikuwa umekufa, kwa hiyo sikuwa na cha kulinganishia. Tumeipita Kaliua, tukaingia kijiji kimoja chenye kibao cha 50. Nikapunguza taratibu, kwa adabu zote, mpaka kidude kikasoma 49. Nilijiona dereva mstaarabu kuliko wote barabarani. Kuku walitawanyika. Mama mmoja mwenye ndoo aliruka pembeni na kutusindikiza kwa macho. Baba mdogo akashika kile kishikio cha juu ya mlango. "Mwanangu, mbona kama tunakimbia?"

Nikamjibu, na jibu hilo limenifuata mpaka leo: "Baba, hii ni setilaiti."

Maili 49 ni kilomita 79.

Mbele kidogo, chini ya mti, askari wawili na tochi ya kupimia spidi. Sabini na tisa, dereva. Nikacheka. Nikashuka na kidude mkononi kama wakili na ushahidi, nikamwonyesha 49 ambayo nilikuwa nimeihifadhi kichwani tu, maana gari lilishasimama na kioo kinasoma 0. Nikamweleza habari za setilaiti. Nikamwambia huenda tochi yake ina vumbi. Afande alinisikiliza bila kunikatiza, akaandika faini ya 30,000, akanipa namba ya malipo. Nililipa kwa simu ya baba mdogo huku nikimhadithia jinsi nchi yetu inavyohitaji mashine nzuri zaidi. Mzee alikaa kimya.

Unadhani nilijifunza? Kabla ya Urambo, kibao kingine cha 50. Safari hii nikashuka mpaka 48, makusudi, ili wanikamate nao waumbuke. Wakanikamata. Sabini na saba.

Huyu wa pili alikuwa kijana. Hakubishana nami. Aliniomba nimtembezee gari mbele kidogo ili naye aione spidi ya kidude, akainamia dirishani, akasogeza uso karibu na kioo. "Kaka, hizi herufi mph chini hapa ni za nini?"

Baba mdogo akageukia upande wa pili, akawa anatazama mashamba ya tumbaku.

Kijana akatoa simu, akazidisha 48 kwa 1.6, akanionyesha: 76.8. "Mashine yako nzuri, kaka," akasema. "Inakubaliana kabisa na yangu." Akaandika 30,000 nyingine.

Na kweli ni nzuri, hapo ndipo panapouma. Spidi ya GPS kwenye barabara iliyonyooka ni sahihi kuliko mishale mingi ya dashibodi, ambayo kwa sheria za Ulaya inaruhusiwa kuzidisha kidogo lakini si kupunguza. Kidude hakikunidanganya hata mara moja. Kiliandika mph tangu tunatoka Mwanga.

Kwa hiyo narudia: angalia maili. Ingia kwenye mipangilio, tafuta vipimo, chagua kilomita. Fanya hivyo ukiwa huko huko, si uwanja wa ndege. Kisha ukifika angalia tena, kwa sababu mtoto wa nyumbani akikirudisha kwenye hali ya kiwandani, na watakirudisha tu, kitauliza lugha, naye atachagua Kiingereza cha Uingereza, na kidude kitadhani uko Uingereza. Angalia kila unapokiwasha. Dalili nyingine ni umbali: kikikuambia kata kushoto baada ya yadi 300, ujue bado kiko kwa malkia, au kwa mfalme, vyovyote.

Na faini hizi zinaandikwa kwenye namba ya gari. Wewe utapanda ndege, deni litabaki kwa mzee. Kabla hujaondoka, angalieni kwa namba ya gari kama kuna kilichosalia, ukilipe.

Niseme nao kidogo Waingereza. Hawa watu wanauza petroli kwa lita, halafu wanakuambia gari linakwenda maili ngapi kwa galoni. Lita huzioni tena ukishatoka kituoni. Uzito wa mtu wanaupima kwa mawe, na si utani, ndivyo wanavyoviita. Ukiwauliza wanatabasamu, kana kwamba umeuliza kwa nini mvua inanyesha. Jirani zao Ireland walihamia kilomita mwezi Januari 2005, na ukitoka Belfast kwenda Dublin vibao vinabadilika bila geti wala askari wa kukushtua. Mlioko upande huo mtego wenu uko palepale. Kosa la spidi kwa Waingereza linakuja kwa barua ndani ya siku 14: pauni 100 na pointi 3, au kama hukuzidisha sana wanakupa darasa la kukumbushwa, unalilipia mwenyewe. Huna wa kumweleza. Miaka yote nilidhani huo ndio ustaarabu. Lakini kamera isingeniuliza mph ni nini. Ingeendelea kutuma barua mpaka leseni ijae pointi, nami ningeendelea kuamini imekosea.

Neno moja kwa ndugu wavuvi wa Kibirizi na Ujiji, kwa sababu mjomba alishaanza kukitolea macho kwa ajili ya mtumbwi. GPS ya gari si ya ziwani. Imefundishwa kwamba iko barabarani, ukipita karibu na ufukwe inaweza kukuvuta kwenye barabara ya karibu. Ukifika katikati ya Ziwa Tanganyika haina cha kukuonyesha ila buluu. Maji ikipata, kwaheri. Na bila chaja betri yake haimalizi usiku wa dagaa. Msiwaonee haya ndugu zenu walioko nje kwa kuwaagiza kifaa cha uvuvi kwa jina lake. Kikiwa ghali watasema ni ghali.

Tabora tulifika mchana, mawese yakashushwa, na nikampeleka baba mdogo gereji kabla hata ya kula. Fundi alilala chini ya gari dakika kumi, akatoka na waya uliokatika kama uzi, akaweka mwingine. Shilingi 25,000 pamoja na ufundi. Mshale ukapanda, baba mdogo akaupigia makofi.

Jioni nilikibadilisha kidude kuwa kilomita, nikamkabidhi rasmi. Asubuhi ya kurudi akanirudishia. Alitaka nimwekee tena maili. Yeye atatazama mshale wake, alisema, lakini mama mdogo hukaa upande wa kidude, na safari nzima huwa anamwambia punguza.

Nikamwekea.